ARV ni bure: Mteja afanye nini akihama, akipoteza kadi au akipitwa na tarehe?

- Hakuna fomu ya kila mwaka wala ada ya kuendelea kupata ARV. Kinachomweka mteja kwenye huduma ni kufika kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.
- Aliyekatisha dawa anarudi kwa namba yake ileile. Hapaswi kujiandikisha upya kama mteja mgeni.
- Kinacholipiwa upya kila mwaka ni bima ya afya, na kuisha kwa bima hakumnyimi mtu ARV.

Mbeya. Kwa watu wengi wanaoishi na VVU nchini, dawa zenyewe si tatizo kubwa. Zipo, na hazilipiwi. Kazi ngumu ni kubaki kwenye orodha ya kliniki mwaka hadi mwaka, huku maisha yakimtoa mtu Mwanjelwa leo, kesho yuko kwenye mpunga Mbarali, na mwezi ujao machimboni Chunya.

Nyanda za Juu Kusini zinalijua hili kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa mikoa mitatu inayoongoza kwa maambukizi miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea ni Njombe (asilimia 12.7), Iringa (asilimia 11.1) na Mbeya (asilimia 9.6). Wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Maana yake ni kwamba Mbeya, karibu mtu mmoja kati ya 10 wa umri huo anaishi na VVU.

Utafiti huohuo una habari njema pia. Kati ya watu wazima waliokuwa wanajua wana VVU, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya waliokuwa kwenye dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Mtu akiwa kwenye dawa na akabaki hapo, dawa zinafanya kazi. Shida huanza pale anapokatika.

Je, kuna kujisajili upya kila mwaka?

Jibu fupi ni hapana.

Mkanganyiko mwingine unaletwa na mitandao. Mtu akitafuta habari za dawa za VVU anakutana na maelezo ya nchi nyingine, hasa Marekani. Huko kuna mpango wa serikali unaoitwa ADAP, unaowasaidia watu wa kipato cha chini kupata dawa. Mnufaika wa mpango huo hutakiwa kuthibitisha kila baada ya muda kuwa bado anastahili: kipato chake, anakoishi na kama ana bima nyingine. Asipofanya hivyo, msaada unaweza kusimama.

Tanzania haiko hivyo. Tangu serikali ianze kutoa ARV bure mwaka 2004, haiangalii kipato cha mtu. Na tangu mwaka 2016, kila anayepimwa na kukutwa na VVU anastahili kuanza dawa mara moja, bila kusubiri kinga ishuke au augue kwanza.

Mteja huandikishwa mara moja tu kwenye kliniki ya tiba na matunzo, maarufu kama CTC. Hapo anapewa namba yake. Namba hiyo inabeba utambulisho wa mkoa, wilaya na kituo alikoandikishwa, pamoja na namba yake mwenyewe. Jina lake halimo ndani ya namba hiyo.

Kuna kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni kadi anayokaa nayo mteja, inayoitwa CTC1. Ndiyo yenye tarehe ya kurudi. Ya pili ni CTC2, inayobaki kituoni, na taarifa zake huingizwa kwenye kompyuta. Humo kuna historia yote: alianza lini, anatumia dawa gani, uzito wake na majibu ya vipimo vyake.

Kwa hiyo "kuhuisha" kwa mteja wa CTC ni kitu kimoja tu, yaani kufika tarehe yake. Kila akifika, rekodi inasomeka kuwa yuko hai kwenye huduma.

Kwa nini tarehe moja ina uzito hivyo?

Kwa sababu siku hizi tarehe hizo ni chache. Zamani mteja alikwenda kliniki kila mwezi. Sasa mteja aliyetulia, yaani anayemeza dawa vizuri na virusi vimefubazwa, anaweza kupewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo. Anayepewa za miezi sita anakwenda kliniki mara mbili tu kwa mwaka.

Hilo limepunguza nauli, foleni na siku za kazi zinazopotea. Lakini lina upande wake wa pili. Mtu akikosa tarehe moja, hakuna nyingine karibu ya kumkumbusha.

Hapo pia kuna hesabu ndogo inayowaangusha wengi. Vidonge 180 ni vya siku 180, na miezi sita ya kalenda huwa na siku 181 hadi 184. Anayehesabu miezi badala ya vidonge anaweza kujikuta makopo yako tupu siku mbili tatu kabla ya safari ya kliniki. Njia ya uhakika ni kufuata tarehe iliyoandikwa kwenye kadi na kuhesabu vidonge vilivyobaki, basi.

Kwa kipimo kinachotumiwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kusaidia mapambano dhidi ya Ukimwi, mteja ambaye zimepita zaidi ya siku 28 tangu tarehe aliyotarajiwa huhesabiwa amekatisha matibabu. Mitaani na kliniki wanasema ameshakuwa "mtoro".

Mwilini mambo hayasubiri siku hizo 28. Dawa zikikosekana, virusi vilivyokuwa vimelala huanza kuongezeka tena, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kinga inashuka, magonjwa nyemelezi kama kifua kikuu yanapata mlango, na uwezekano wa kumwambukiza mwenza unarudi. Kumeza na kuacha, kumeza na kuacha, pia kunaweza kuvifanya virusi viwe sugu kwa dawa.

Kinyume chake ni hiki: Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu anayemeza dawa na ambaye virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono.

Akihama au kusafiri afanye nini?

Hapa ndipo Mbeya ina mambo yake. Wakati wa kupandikiza na kuvuna mpunga, watu wanakwenda Mbarali. Wengine wanafuata dhahabu Chunya, kakao na mpunga Kyela, chai na mbao Mufindi mkoani Iringa, au biashara ya mpakani Tunduma mkoani Songwe. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya yote hayo, ikiwa na madereva ambao nyumbani kwao ni safarini.

Kuna hali mbili, na kila moja ina njia yake.

*Anasafiri na atarudi.* Huyu hahitaji kuhama kliniki. Anachotakiwa ni kupita CTC kabla ya safari na kusema ukweli: anaenda wapi, na kwa muda gani. Mhudumu anaweza kumwongezea dawa za kumtosha au kumpangia tarehe nyingine. Sentensi moja dirishani, "Sista, nasafiri wiki mbili zijazo, nitarudi baada ya mavuno," inaweza kuokoa miezi mitatu ya kukosa dawa.

Dawa zikimwishia akiwa ugenini, anaweza kwenda CTC ya karibu na alipo, akaonyesha kadi yake na kuomba dawa za muda kama msafiri. Kama kadi imebaki nyumbani, picha ya kadi kwenye simu au kopo la dawa alizokuwa anatumia vinasaidia.

*Anahama moja kwa moja.* Huyu aombe barua ya uhamisho kwenye kliniki yake. Barua inaeleza namba yake, dawa anazotumia, tarehe aliyoanza na majibu ya mwisho ya wingi wa virusi. Akifika kliniki mpya anapokelewa akiwa mteja anayeendelea, na kule alikotoka anaandikwa kuwa amehama. Hatafutwi tena kama mtoro.

Tatizo kubwa ni wanaohama kimyakimya. Mtu anaondoka Uyole, anafika Mafinga, anakwenda kliniki na kusema hajawahi kutumia dawa. Wengine wanafanya hivyo kwa aibu, wengine kwa kuogopa kugombezwa kwa sababu hawana barua.

Anayeumia ni yeye mwenyewe. Kwanza, anaonekana mteja mpya, na mteja mpya hupewa dawa za muda mfupi na kuitwa kliniki mara kwa mara hadi atulie. Ile nafuu ya miezi sita inapotea. Pili, mhudumu hajui aliwahi kutumia dawa gani wala kama aliwahi kuwa na usugu. Tatu, kule alikotoka bado anahesabiwa mtoro, na kuna mtu anaweza kuwa anampigia simu au kumfuata nyumbani.

Kukosa barua hakumnyimi mtu haki ya dawa. Kliniki mpya inaweza kuwasiliana na ya zamani wakati mteja akiendelea kupata dawa. Ila lazima aseme ukweli kwamba ameshaanza, na wapi.

Kadi ikipotea?

Kadi ni karatasi. Inaloa, inaungua, inachanwa na mtoto, au inafichwa mahali hadi mwenyewe anasahau. Rekodi kamili ipo kituoni.

Mteja aliyepoteza kadi aende kliniki yake akiwa na majina aliyoandikishia na, kama anakumbuka, mwaka alioanza. Wataitafuta rekodi yake na kumwandikia kadi nyingine yenye namba ileile. Walioandikisha jina lisilo lao, na hao wapo, wakumbuke ni lipi walilitumia. Ndilo litakalowafungulia rekodi.

Ushauri wa kawaida ni kuandika namba ya CTC mahali pengine, hata kwenye simu kwa jina lisiloleta maswali.

Aliyeacha dawa miezi au miaka anapokelewaje?

Anapokelewa. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi waliokaa nyumbani wanalihofia bila sababu. Hakuna faini, wala mtu hafutwi moja kwa moja kwa kuchelewa.

Akirudi, atapimwa hali yake, ataulizwa dalili za kifua kikuu na magonjwa mengine, na anaweza kupimwa CD4 ili kujua kinga yake iko wapi. WHO inapendekeza kipimo hicho kwa wanaorudi baada ya kukatisha, kwa sababu wengine hurudi wakiwa wameshadhoofika bila kujua. Kama hana ugonjwa unaohitaji kutibiwa kwanza, anaweza kurudishiwa dawa siku hiyohiyo.

Atapewa pia ushauri nasaha. Hapo ndipo pa kusema kilichomtoa: nauli, mume asiyejua, kazi isiyotoa ruhusa, dawa zilizokuwa zikimsumbua, au maombi aliyoambiwa yameshamponya. Sababu hiyo ikijulikana inaweza kufanyiwa kazi. Ikifichwa, mtu anarudishwa kwenye dawa leo na kukatika tena baada ya miezi miwili.

Vituo vingi vina watu wanaoitwa WAVIU washauri. Hawa wenyewe wanaishi na VVU na wamepitia hayo. Kwa anayeona haya kuanza na daktari, kuzungumza na mviu mshauri ni mlango mwepesi. Nje ya kliniki, zipo konga, yaani mitandao ya watu wanaoishi na VVU katika halmashauri, zilizo chini ya baraza lao la taifa, NACOPHA.

Kuhusu siri, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inataka taarifa za VVU za mtu zitunzwe kwa siri na inakataza unyanyapaa. Mhudumu anayesambaza habari za mteja anavunja sheria.

Mama na mtoto: pengo lisilosemwa sana

Mama mjamzito mwenye VVU kwa kawaida hupatiwa dawa kwenye kliniki ya mama na mtoto, siyo CTC. Anaendelea hapo akiwa ananyonyesha, na mtoto hupimwa kwa hatua, kuanzia karibu wiki ya sita, hadi yatoke majibu ya mwisho baada ya kuacha kunyonya.

Baada ya hapo mama anahamishiwa CTC. Wengine wanapotea hapo katikati. Mtoto ameshatoka salama, kliniki ya watoto imekwisha, na mama anadhani na yake imekwisha. Haijaisha. Kabla ya kuaga kliniki ya mama na mtoto, ahakikishe ameshaandikiwa tarehe ya CTC na anajua ni dirisha gani.

Kipimo cha wingi wa virusi

Hiki ndicho kinachoamua kama mteja atabaki kwenye dawa za miezi mingi. Kwa kawaida hupimwa miezi sita baada ya kuanza dawa, tena mwezi wa 12, kisha mara moja kwa mwaka kama virusi vimefubazwa. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto hupimwa mara nyingi zaidi.

Damu huchukuliwa kituoni na kupelekwa maabara, hivyo majibu hayatoki siku hiyo. Mteja ana haki ya kuyauliza ziara inayofuata. Mwaka ukipita hajapimwa, akumbushe mwenyewe.

Na bima ya afya?

Hii ndiyo inayohuishwa. Tangu mwaka 2018, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF) uliandikisha kaya ya watu hadi sita kwa Sh30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi ikiwamo Mbeya. Mwaka ukiisha bila kulipa tena, kadi haifanyi kazi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 sasa inataka kila mkazi awe na bima. Kabla ya kulipa, mteja amuulize mwandikishaji wa eneo lake kifurushi kilichopo na kiwango chake.

Lakini mambo mawili yasichanganywe. ARV, kipimo cha wingi wa virusi na dawa za kifua kikuu havitegemei bima. Bima inasaidia pale mtu anapougua kitu kingine: kulazwa, upasuaji, picha, presha au kisukari. Kadi ya bima ikiisha muda, mteja asiache kwenda CTC kwa kudhani mlango umefungwa.

Kwa nini jambo hili lina uzito zaidi sasa

Januari 20, 2025, Rais wa Marekani, Donald Trump, alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Dawa za kuokoa maisha zikiwamo ARV ziliruhusiwa kuendelea siku chache baadaye, lakini mtikisiko ulishafika vituoni. Mbeya ni mojawapo ya mikoa ambayo huduma zake za VVU zimetegemea fedha za PEPFAR kwa takriban miaka 20.

Fedha hizo hazikuwa za dawa tu. Zimelipa pia watu: waingiza takwimu, wasafirishaji wa sampuli, na wahudumu wa jamii waliokuwa wakimpigia simu mteja aliyepitwa na tarehe au kumfuata hadi nyumbani. Wafadhili wakipunguza, kazi hiyo ya kukumbusha huwa ya kwanza kuyumba. Makopo ya dawa yanaweza kuwa yamejaa kabatini, lakini wa kumuuliza aliyekosekana hayupo.

Serikali imeanza kutafuta fedha za ndani. Katika bajeti ya mwaka 2025/26 ilipendekeza tozo kwenye bidhaa na huduma kadhaa, yakiwamo mafuta na vileo, ili kuchangia Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti Ukimwi na bima ya afya kwa wote.

Wakati hayo yakiendelea, mteja ana mambo machache yaliyo mikononi mwake. Ahakikishe namba ya simu iliyoko kliniki ndiyo anayoitumia sasa, maana wengi wamebadili laini tangu waandikishwe. Aweke mtu mmoja anayemwamini awe msaidizi wake wa matibabu, ambaye mara nyingi anaweza kumchukulia dawa akiugua au akikwama. Arudi wakati bado ana vidonge vya siku kadhaa, asisubiri kopo liishe. Na asigawane dawa na mtu mwingine hata kama ni mwenza wake, kwani hesabu za wote wawili zitaharibika.

Aliyekwama, aliyekataliwa dawa au asiyejua kliniki ya karibu anaweza kupiga bure namba 199, kituo cha huduma kwa simu cha Wizara ya Afya, au kumwona mratibu wa Ukimwi wa halmashauri yake.